Kwa nini lori lenye mzigo haliitii fomula ya umbali wa kusimama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa kwanza. Kwenye mada ya msuguano tulikokotoa umbali ambao gari hutembea tangu kufunga breki mpaka kusimama, tukapata d = v²/(2μg), ambapo v ni mwendo, μ ni kizigeu cha msuguano na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Tungamo ilikatika yenyewe. Mjomba wangu anaendesha semi (lori la kichwa na tela) kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nilipomwambia kwamba lori tupu na lori lenye mzigo yanasimama kwa umbali uleule alicheka sana, akasema siku moja nishuke naye mlima Kitonga nikiwa na daftari langu. Nani yuko sahihi kati yetu? Na swali hili likija kwenye mtihani niandike nini?

JIBU: Marahaba. Tuanze na daftari, Kitonga tutafika. Hesabu yako haina kosa. Kilichokuponza kiko juu kidogo ya hesabu, kwenye mstari ambao wanafunzi karibu wote huuandika bila kuutazama mara mbili: f = μN, f ikiwa kani ya msuguano na N kani ambayo lami hulisukuma gari juu.

Kwa tairi linalobingirika bila kuserereka, mstari huo si sahihi. Ulitakiwa uwe f ≤ μN. Lami haitoi kani ya μN eti kwa sababu gari limekaa juu yake. Gari lililoegeshwa mahali tambarare lina N ileile, na msuguano wake na lami ni sifuri. Lami hutoa kani ambayo tairi linaidai, si zaidi, mpaka kifikiwe kikomo cha μN. Tairi likidai kupita hapo linaanza kuserereka. Kwa hiyo ulipoandika alama ya sawasawa badala ya ile nyingine, ulidai jambo kubwa bila kujua: kwamba breki za gari hili zina ubavu wa kulifikisha kila tairi kwenye kikomo chake. Kwa gari dogo dai hilo ni la kweli, na yeyote aliyewahi kusikia matairi yakilia anajua. Kwa semi iliyojaa, hilo ni dai la kuthibitisha kwanza.

Tuweke namba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, kwa hiyo semi yetu itakuwa na tani 56 kamili na itakuwa imepita mizani salama. Ikiwa tupu, tuseme ina tani 18. Mwendo ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Barabara ni tambarare, lami kavu, μ ni 0.7. Fomula yako inatoa mita 36 kwa lori tupu na mita 36 kwa lori lililojaa.

Sasa ongeza taarifa ambayo swali lenu halikuitaja. Breki zote za gari hilo, za kichwa na za tela, zikibanwa mpaka mwisho zinaweza kulizuia kwa jumla ya kilonyutoni 250. Namba hii nimeichagua mimi ili tupate cha kukokotoa, ingawa haiko mbali na hali halisi ya magari makubwa. Lori tupu: lami inaweza kutoa 0.7 × 18,000 × 9.8, kama kilonyutoni 123. Breki zina uwezo wa 250, lami ina 123, kwa hiyo kinachoishiwa kwanza ni mshiko wa tairi. Hapo fomula yako inafanya kazi, mita 36. Lori lililojaa: lami iko tayari kutoa kilonyutoni 384, lakini breki zinaishia 250. Kinachoishiwa kwanza sasa ni breki. Mwendo unapungua kwa 250,000 ÷ 56,000, karibu mita 4.5 kwa sekunde kwa kila sekunde, na gari linasimama baada ya mita 55. Tungamo imerudi.

Imerudi kwa sababu kikomo cha lami hukua pamoja na mzigo, na kikomo cha breki hakikui. Ukipakia tani nyingine kumi, unaongeza kani inayohitajika kulisimamisha gari na unaongeza pia mshiko wa matairi, vyote kwa uwiano mmoja. Ndiyo maana m inakatika pande zote mbili. Lakini breki ni zilezile ulizotoka nazo gereji. Tafuta mwenyewe tungamo ambayo μmg inalingana na kilonyutoni 250, utapata tani 36 na ushei. Chini ya hapo wewe uko sahihi, juu ya hapo mjomba.

Usiniache hapo bado. Mvua inyeshe, μ ishuke mpaka 0.3. Lori la tani 56 sasa linaweza kupata kilonyutoni 165 tu kutoka kwenye lami. Breki zina uwezo wa kubaki, tairi ndilo linaloishiwa tena, na tungamo inakatika tena: mita 84 kwa lori tupu, mita 84 kwa lililojaa. Yaani fomula uliyochekwa nayo inakosea kwenye lami kavu na inapona kwenye lami iliyolowa. Huwa nawapa wanafunzi sehemu hii waikokotoe wenyewe, maana wengi wakishaambiwa kwamba fomula "si halisi" huitupa yote. Fomula haijawahi kuwa na tatizo. Ina sharti lake, na sharti hilo hutimia siku moja na kukosekana siku nyingine, gari lilelile na barabara ileile.

Kuna mambo madogo ambayo mjomba angeyaongeza na nisingembishia. Breki za upepo huchelewa: hewa lazima isafiri kwenye mabomba mpaka tela la nyuma kabla breki hazijashika, na nusu sekunde kwa mwendo huo ni mita 11 zilizokwisha kwenda. Lori tupu nalo lina balaa lake, kwa kuwa breki zilizoundwa kwa ajili ya mzigo mzito ni kali mno kwake. Matairi hufunga upesi, yaani huacha kuzunguka, na tela lililofunga matairi hutoka kwenye mstari. Tairi likishafunga, kizigeu cha kutumia ni cha msuguano wa kuserereka, ambacho ni kidogo zaidi. Kikiwa 0.5, lori tupu linakwenda mita 50, na tofauti yake na lililojaa inakuwa ndogo sana. Na hata μ yenyewe si namba takatifu. Kanuni kwamba msuguano unalingana na uzito na haujali eneo la mgusano aliitoa Amontons mwaka 1699, na Coulomb akaichunguza kwa kina katika karne iliyofuata, lakini mpira wa tairi huitii kwa shingo upande: ukibanwa zaidi, kizigeu chake hupungua. Kwa mwaka wa kwanza, ijue hivyo, usiiingize kwenye hesabu.

Sasa nikuulize mimi. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 80 kwa saa limesimama. Nishati yake ya mwendo imekwenda wapi?

Ukijibu "imeliwa na msuguano wa tairi na barabara" utakuwa na wenzako wengi. Angalia tairi linalobingirika vizuri. Sehemu ya tairi inayogusa lami, kwa ule muda mfupi inaoigusa, imetulia. Ndiyo maana msuguano wake unaitwa tuli ingawa gari linakimbia. Kani inayosukuma sehemu isiyosogea haifanyi kazi yoyote juu yake. Lami inabadilisha mwendo wa gari, na mlinganyo wako wa kani dhidi ya umbali ni halali kabisa kwa kitovu cha tungamo, lakini joto halizaliwi pale chini. Linazaliwa mahali ambapo nyuso mbili zinasuguana kwelikweli huku moja ikipita juu ya nyingine: ndani ya gurudumu, pale laini za breki (vipande vya msuguano) zinapobana dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Matairi yakifunga mambo yanageuka. Dramu imesimama, haipati joto, na kazi yote inafanyika kati ya mpira na lami. Ile michirizi myeusi unayoiona barabarani ni tairi lililolipa bili ya breki.

Fomula ya v²/(2μg) haikuambii lolote kuhusu hili, kwa sababu ndani yake hakuna breki. Kuna gari, lami na mvutano wa dunia basi. Kwenye tambarare, kwa kusimama mara moja, unaweza kuishi na upungufu huo. Tuukokotoe: nishati ya mwendo ya tani 56 kwa kilomita 80 kwa saa ni megajuli 13.8. Tuseme gari lina ekseli saba, dramu 14, kila moja kilo 50 za chuma cha kusubu, jumla kilo 700. Chuma hicho huhitaji karibu juli 500 kwa kila kilo ili joto lipande nyuzi moja, kwa hiyo dramu zote kwa pamoja huhitaji kilojuli 350. Gawanya: halijoto inapanda kama nyuzi 40. Breki zinapumua, safari inaendelea.

Twende Kitonga basi. Kwa msomaji asiyepajua, ni mlima wa mkoani Iringa kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na malori yanayoleta shaba ya Zambia na Kongo bandarini huushuka yakiwa yamejaa. Barabara yenyewe inapinda na mwinuko wake hubadilika, kwa hiyo nitakupa mteremko wa darasani: kilomita 6, kila mita 100 unashuka mita 8, mwendo haubadiliki.

Neno "mwendo haubadiliki" ndilo linalowapotosha wengi. Nishati ya mwendo haipungui wala haiongezeki, kwa hiyo mwanafunzi anahisi kwamba breki hazina kazi kubwa. Chora kani. Sehemu ya uzito inayolivuta gari kushuka ni mg sinθ (θ ni pembe ya mteremko), hapa 56,000 × 9.8 × 0.08, karibu kilonyutoni 44. Ubishi wa matairi kubingirika unapunguza kama 4. Upinzani wa hewa kwa mwendo mdogo uache. Zinabaki kilonyutoni 40 ambazo lazima kitu fulani kizizuie, kila mita, kwa mita 6,000. Hiyo ni megajuli 240.

Linganisha na 13.8. Kushuka mlima huo mmoja taratibu ni sawa na kufunga breki za dharura kutoka kilomita 80 kwa saa zaidi ya mara 17 mfululizo. Ukizimwaga zote kwenye dramu zetu za kilo 700, na tukichukulia hakuna joto linalopotea, halijoto inapanda karibu nyuzi 690. Hewa itapoza kiasi, hatuwezi kufika huko kwa hesabu nyepesi, lakini huhitaji kufika. Laini za breki za kawaida huanza kupoteza mshiko zikipita nyuzi mia mbili na kitu, mia tatu. Dramu nayo ikipata moto hutanuka, ikazidi kukimbia laini zinazotakiwa kuibana, na mkono wa breki una umbali wake wa kusukuma, haunyooki bila mwisho. Dereva anakanyaga, upepo upo wa kutosha, geji inasoma vizuri, gari halishiki. Kwenye taarifa za ajali tunasikia "breki zilifeli" kana kwamba kuna kitu kilikatika. Mara nyingine hakuna kilichokatika. Chuma kimejaa joto.

Lori tupu kwenye mteremko huohuo linahitaji kupoteza megajuli 77, na dramu zilezile zinapanda nyuzi 220. Hapa hakuna kikomo cha lami cha kuitetea fomula yako, mvua inyeshe isinyeshe. Joto linakua na tungamo ya gari, chuma cha kulipokea hakikui.

Sasa, kwa nini madereva wanashuka na gia ndogo, polepole mpaka wewe abiria wa basi la nyuma unachoka? Jibu la haraka ambalo hupewa ni kwamba ukienda polepole breki hazipati moto sana. Lirekebishe. Ukishuka taratibu au kwa kasi, mgh ni ileile, megajuli 240 hazijali saa. Kinachobadilika ni muda, na muda una faida pale tu ambapo kuna mwingine wa kusaidia kubeba. Huyo hasa ni injini. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Inanyonya hewa, inaibana, inaisukuma nje, na kwenye malori kuna kifaa cha kuifanya kazi hiyo iwe ngumu zaidi kwa kubana njia ya moshi. Injini haichoki kama dramu, kwa sababu imeumbwa kutupa joto nje saa zote, kupitia moshi na rejeta.

Tuseme injini kwa njia hiyo inaweza kumeza kilojuli 200 kila sekunde, yaani kilowati 200. Kwa kilomita 60 kwa saa unamaliza mteremko kwa dakika 6, injini imekula megajuli 72, na breki zimeachiwa 168, yaani nyuzi 480. Kwa kilomita 30 kwa saa ni dakika 12, injini 144, breki 96, nyuzi 274. Kwa kilomita 18 kwa saa ni dakika 20, na injini imebeba megajuli zote 240. Mguu haukugusa breki. Namba hiyo ya 18 si ya kubahatisha: gawa kilowati 200 kwa kilonyutoni 40, unapata mita 5 kwa sekunde. Fanya hivyohivyo kwa lori tupu utapata kama kilomita 56 kwa saa, na ndiyo maana dereva yuleyule anaweza kushuka mlima uleule kwa tabia mbili tofauti, akiwa hana hata kalamu.

Gia ndogo inaingia hapa kwa sababu injini hubeba mzigo huo ikizunguka haraka tu, na kwa mwendo mdogo wa barabara ni gia ndogo pekee inayoifanya izunguke haraka. Inabidi iingizwe kabla ya mteremko. Ukishaachia gari likakimbia, gia ndogo haiingii tena, na ukikwama kwenye fri (gia haijaingia) katikati ya kutafuta gia, injini imejitoa na kilonyutoni 40 zote ziko juu ya dramu. Wale wanaoshusha kwa fri ili kuokoa mafuta wangepaswa kujua kwamba megajuli 240 ni joto la chini ya lita 7 za dizeli.

Jambo la mwisho kabla ya mtihani. Rudisha swali lako la kusimama, liweke kwenye mteremko huu. Tukiuacha ubishi wa matairi, mlinganyo unakuwa d = mv²/[2(F − mg sinθ)], F ikiwa kani ya breki. Kwa kilomita 40 kwa saa, breki zikiwa baridi na F ni kilonyutoni 250, gari linasimama kwa mita 17. Joto likiishusha F mpaka 100, mita 62. Ikifika 60, mita 215. Ikifika 44, asili (namba ya chini) ya sehemu yako ni sifuri, na hakuna umbali wowote ambao gari hilo litasimama. Ona jinsi dereva asivyopewa onyo la kutosha: kutoka 250 mpaka 100 umbali umeongezeka mita 45 tu, anahisi breki zimelegea kidogo, kumbe amebakiwa na pungufu ya nusu ya akiba yake.

Kwenye mtihani, swali likisema "matairi yamefunga", tumia kizigeu cha kuserereka, tungamo inakatika, usijisumbue. Likisema gari linasimama "kwa umbali mfupi kuliko wote bila kuserereka", hapo mtunzi amekupa f = μN, itumie, lakini andika mstari mmoja: nachukulia breki zinaweza kuyafikisha matairi kwenye kikomo cha msuguano tuli. Mstari huo hauna gharama na msahihishaji anayejua kazi yake atauona. Likiuliza joto la breki, usichukue msuguano wa barabara. Chukua badiliko la nishati ya gari, ukijumlisha mgh kama kuna mteremko, kisha ugawe kwa uwezo wa joto wa dramu au diski. Na likikupa kani ya breki kwa namba, ilinganishe na μN kwanza, chukua iliyo ndogo, ndipo uanze kuandika F = ma.